Hujachelewa kushika randa



Wengine husema useremala ni wa kujifunza utotoni. Mimi nimeshika randa nikiwa tayari baba wa watoto wanne. Fundi mmoja mzee hapa Nyamityobora alinifundisha jioni, baada ya vibarua. Sikuwa natafuta wateja. Nilitaka mikono ipate shughuli, na moyo upumue kidogo.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: msumeno, randa, patasi, nyundo na jiwe la kunolea. Havitaki umeme, basi hata ninyi mlioko vijiji vya Nakivale mnaweza. Siri ni kunoa. Patasi butu unaisukuma kwa nguvu, inateleza, inakukata. Randa nayo ifuate nyuzi za mbao. Ukienda kinyume, mbao inachanika. Mbao mbichi za mikaratusi zikikauka hupinda na kupasuka. Kwa hiyo zipange kivulini kwanza, na vijiti katikati ili hewa ipite.

Kigoda changu cha kwanza kiliyumba, mguu mmoja ulikuwa mfupi! Nikapunguza ile mitatu. Leo mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, anakikalia akipika.

Tulipofika Nakivale tuligawiwa turubai, blanketi, jerikani na sufuria, na tulishukuru. Lakini kigoda hiki hatukugawiwa. Watoto wanajua hivyo, na wageni wakija wanawaambia.

Wazazi, mwenye msumeno amwazime jirani. Tuanze na kigoda.