Fahamu: Kosher ni nini, na kwa nini ilifika mahakamani?

Februari 2024, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba mikoa ya Flanders na Wallonia, nchini Ubelgiji, haikuvunja uhuru wa dini ilipopiga marufuku kuchinja mnyama bila kumzimisha fahamu kwanza. Waliokwenda mahakamani ni Waislamu na Wayahudi.

Wayahudi wengi wanaoshika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, huona kwamba kumzimisha mnyama ni kumjeruhi, na aliyejeruhiwa hafai. Mchinjaji husomea kazi hiyo, na kisu chake hukaguliwa kisiwe hata na pengo dogo. Kisha nyama huloweshwa na kutiwa chumvi ili damu itoke.

Mnyama lazima acheue na awe na kwato zilizopasuka. Nguruwe hacheui, ngamia hucheua, ila kwato zake hazikidhi sharti. Hapo ndipo kosher na halali zinapoachana, maana Mwislamu hula ngamia. Samaki awe na mapezi na magamba, kwa hiyo pweza, ngisi na kamba hawamo.

Gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kutenganisha nyama na maziwa: sufuria mbalimbali, sahani mbalimbali, na baada ya kula nyama wengi husubiri saa 6 kabla ya kugusa jibini. Mayai na mboga huliwa pamoja na nyama au maziwa.

Marufuku ya Flanders na Wallonia inahusu uchinjaji tu. Nyama ya kosher kutoka nje bado inaruhusiwa kuuzwa.