Unapokwenda kumjulia mgonjwa hali, chunga mikono yako

Mnamo Januari 1980, Mfaransa mmoja aliyekuwa akiishi magharibi mwa Kenya alifikishwa katika hospitali moja jijini Nairobi akiwa hoi, huku akitokwa na damu. Siku chache kabla ya kuugua, alikuwa amezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon, si mbali na mji wa Kitale. Mgonjwa huyo alifariki. Siku tisa baadaye daktari aliyejaribu kumwokoa, Dkt. Shem Musoke, naye akaanza kuugua. Ilibainika kuwa ni ugonjwa wa Marburg. Kwa bahati njema, daktari huyo alipona, na ugonjwa haukuenea zaidi.

Wakazi wa Kitale na Bungoma ni majirani wa mlima huo. Mwaka 2017 Marburg iliua watu watatu katika wilaya ya Kween, upande wa Uganda, na mmoja wao alikuwa amevuka mpaka akaingia Kenya kabla ya kufa. Virusi hivyo hubebwa na popo wanaokula matunda. Vikishaingia kwa binadamu, hupita kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Ndiyo maana anayemhudumia mgonjwa ndiye huwa hatarini zaidi.

Naam, Marburg ni nadra. Hata hivyo, kuna virusi vya kila siku ambavyo navyo huenea wadini. Virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Vile vya homa ya ini aina ya B huishi juu ya vifaa vyenye damu kwa siku saba au zaidi. Virusi vya kuharisha watoto navyo husafirishwa na mikono michafu.

Wauguzi wana wajibu wao: kuvaa glavu na kuzibadilisha kwa kila mgonjwa, kutumia sindano mara moja tu, kusafisha vitanda kwa dawa ya klorini na kuwatenga wenye maradhi ya kuambukiza. Lakini katika hospitali zetu, mara nyingi jamaa ndiye anayemlisha mgonjwa, kumwogesha na kufua nguo zake. Mikono hiyohiyo humnyanyua mtoto wa kitanda cha pili anapolia. Huo ni utu, ila bila sabuni huweza kuleta msiba.

Kwa hiyo, msomaji, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika moja hivi, unapoingia wadini na unapotoka. Usiketi kitandani mwa mgonjwa, wala usitumie kikombe chake. Usiguse damu au matapishi kwa mikono mitupu, mwite muuguzi. Ukiwa na mafua, kikohozi au unaharisha, tuma salamu na ubaki nyumbani. Watoto wadogo nao waachwe nyumbani, na wapewe chanjo zote kwa wakati.

Aidha, usione haya kumwomba mhudumu anawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa wako. Ombi la heshima si utovu wa adabu. Mgonjwa alikwenda hospitalini kutafuta nafuu. Asirudi nyumbani na ugonjwa wa pili. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.