Ngurumo ya pampu: Maji yanapochemka bila moto

Pampu ya maji inaponguruma kana kwamba inasaga kokoto, mara nyingi hakuna jiwe lolote ndani yake. Chanzo ni mwendo wa maji yenyewe, na katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi na Kigali hatari hiyo iko karibu zaidi kuliko pwani.

Pampu ya mzunguko ina gurudumu lenye mapanga linaloyarusha maji pembeni na kuacha shinikizo dogo katikati. Shinikizo la hewa ya nje ndilo linalosukuma maji mengine kuingia. Shinikizo la ndani likishuka mno, maji hugeuka mvuke yakiwa bado baridi, na viputo hutokea. Vikifika penye shinikizo kubwa, hupasuka kwa kujikunja ndani ghafla. Mwaka 1917, mwanafizikia wa Uingereza Lord Rayleigh alionyesha kwa hesabu jinsi tukio hilo linavyozalisha shinikizo kubwa mno katika eneo dogo. Ndiyo maana hata chuma humeguka na kubaki na vishimo.

Mwinuko huongeza tatizo. Jijini Dar es Salaam, hewa inaweza kuinua maji takriban mita 10 katika bomba lisilo na hewa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kimo hicho hupungua hadi mita 8.4 hivi. Kwa hiyo pampu inayofanya kazi vyema pwani huweza kushindwa bara, ingawa imefungwa kwa kimo kilekile juu ya kisima.

Hata hivyo, si kila sauti hutokana na viputo. Kila panga linapopita kwenye njia ya kutokea hupiga maji. Mapanga 6 yanayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutoa mapigo 150 kwa sekunde. Mlio huo ni wa mfululizo, tofauti na mkwaruzo wa viputo.

Mtetemo ukiachwa, beringi na sili huharibika, na mtaa mzima huweza kukosa maji. Kinga yake ni bomba la kuvutia lililo fupi na pana, chujio safi, na pampu iliyo karibu na maji. Valvu ya upande wa kuvuta huachwa wazi kabisa; kiasi cha maji hupunguzwa kwa valvu ya upande wa kutolea.