Ngozi, Sumaku na Mshono: Juu ya Kava la Kishikwambi la Mwanamke wa Kazi

Tangu zamani nguo za wanawake zimeshonwa kwa uchache wa mifuko, na kwa sababu hiyo mali yao ndogo ndogo, iwe ni fedha, funguo au hati, imelazimika kutafutiwa makao nje ya mshono: bibi wa pwani aliifunga katika pindo la kanga au akaitia kibindoni, na bibi wa Ulaya wa karne ya 18 alijifunga kiunoni, chini ya gauni, vifuko vya kitambaa alivyovifikia kwa kupenyeza mkono katika tundu zilizoachwa ubavuni, mpaka mwishoni mwa karne hiyo magauni yalipokuwa membamba hata hayakuweza tena kusitiri kifuko, na vifuko vikatoka nje vikawa mikoba ya mkononi. Asiyelijua jambo hili hudhani kwamba kava zuri la kishikwambi ni anasa tupu. Ilhali kwa hakimu, mwalimu mkuu, mkaguzi wa hesabu au muuguzi msimamizi, ambaye suti yake haina mfuko wa kutosha hata kalamu, kava hilo ndilo mfuko wake na ndiyo meza yake, na aghalabu ndicho kitu cha kwanza kuonekana anapoketi mbele ya watu. Nao wenye haja hiyo wamezidi kuwa wengi, kwani vishikwambi vilivyotumika Tanzania katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, na leo chombo hiki kinaonekana katika madarasa, zahanati na afisi za ardhi kama zamani lilivyoonekana daftari.

Wafanyabiashara wameitambua haja hiyo upesi, lakini si kwa insafu sikuzote, maana nyingi katika bidhaa zinazouzwa kwa jina la wanawake ni zile zile za watu wote, zimepakwa rangi ya waridi, zikatiwa vimetameta na kuongezewa bei. Umbuji wa kweli una asili nyingine. Kate Spade, aliyekuwa mhariri wa mikoba na mapambo katika jarida la Mademoiselle, alipoanzisha kampuni yake pamoja na Andy Spade mjini New York mwaka 1993, alianza na mikoba ya nailoni, yenye umbo la mraba na isiyo na nakshi nyingi, nyepesi begani na isiyonyonya maji ya mvua, akaiona kuwa inamfaa mwanamke anayekwenda kazini kuliko mikoba ya ngozi nzito iliyokuwa ikisifiwa wakati ule. Na jina lake, hata baada ya yeye kufariki mwaka 2018, linaendelea kuonekana juu ya makava ya simu na vishikwambi. Kabla yake Bonnie Cashin, mbunifu aliyefanya kazi na kampuni ya Coach tangu miaka ya 1960, alitwaa kishikizo cha shaba cha kuzungusha, mfano wa vile vilivyofunga paa la kukunjwa la gari lake, akakitia katika mkoba. Kishikizo kile hufunguka kwa vidole viwili na hakikwami, nacho kingali kinatengenezwa hata leo. Nami sijui pambo lenye sifa bora kuliko hiyo.

Kava kama tulijualo sasa lilipata umbo lake mwezi Machi 2011. Kishikwambi cha kwanza cha Apple, kilichotoka mwaka 2010, kilikuwa na unene wa milimita 13.4 na uzito wa gramu 680. Cha pili kilipopunguzwa unene hadi milimita 8.8, kiliundiwa pamoja nacho jalada jembamba la vipande vinne, linaloshikamana na ubavu wa chombo kwa sumaku, linalokunjika likawa tegemeo la pembe tatu, tena linaloamsha skrini likifunuliwa na kuilaza likifunikwa. Amsho hilo halina muujiza wowote: ndani ya jalada mmefichwa sumaku ndogo, na ndani ya chombo, mkabala wake, kuna kitambuzi kinachofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879, ya kwamba sumaku ikikaribishwa kwenye mkondo wa umeme husukuma chembe za umeme upande mmoja na kuzusha nguvu ndogo inayoweza kupimwa. Hapa ndipo kava rahisi linapojitenga na kava jema, kwa kuwa sumaku ikiwekwa milimita chache kando ya mahali pake, skrini hubaki inawaka ndani ya mkoba na betri ikamalizika bila ya mwenyewe kujua. Kwa hiyo dukani, awe mnunuzi yuko Kariakoo, Darajani au Luthuli Avenue, na alifunike kava juu ya chombo chake mwenyewe, alifunue kwa upana wa kidole, achungulie kama mwanga umezimika kweli.

Sumaku hizo zina taksiri zake pia. Kadi ya benki yenye chipu haidhuriki, lakini ule utepe mweusi wa nyuma unaweza kuharibika, na wepesi zaidi wa kufutika ni utepe wa kadi za milango ya hoteli, basi kuziweka kadi hizo katika kifuko cha kava lenye sumaku ni kutafuta usumbufu wa usiku wa safari. Na mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani asilale na kishikwambi chenye kava la sumaku juu ya kifua chake; umbali wa sentimita 15 na zaidi ndio unaoshauriwa kwa vyombo vyenye sumaku za namna hii.

Nakuja sasa kwenye ngozi, ambako fedha nyingi hupotea. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na kiwandani hupasuliwa tabaka: tabaka la juu, lenye vitundu vya vinyweleo, ndilo lenye nyuzi zilizosokotana kwa nguvu, na la chini ni legevu, nalo aghalabu hupakwa plastiki na kupigwa chapa ya vinyweleo visivyokuwa vyake. Baada ya hayo kuna ngozi ya mabaki, yaani vipande na vumbi vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ambayo muuzaji aweza kuiita ngozi bila ya kusema uongo wote wala kweli yote. Mwisho ni ngozi bandia, ambayo ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani, maada iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenziwe huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na ambayo ndiyo iliyojaa katika maduka yetu.

Siidharau ngozi bandia kwa kuwa ni bandia, kwani huchukua rangi vizuri, haihitaji mnyama kuchinjwa, na katika nchi kavu hutumika kwa muda wa kuridhisha. Aibu yake iko katika kemia. Poliyurethani inayotumika sana katika bidhaa hizi, kwa kuwa gharama yake ni ndogo, ni ile ya ukoo wa poliesta, na viungo vinavyozishikamanisha chembe zake hukatwa na maji polepole, tena joto huiharakisha kazi hiyo. Ndiyo sababu kava lililo salama katika afisi kavu ya Ulaya huanza kubabuka mapema Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina unyevu mchana na usiku, na hubabuka hata likiwa limetunzwa kabatini katika karatasi yake, maana kinacholiua si mikono ya mtumiaji bali ni hewa yenyewe. Utando wa juu hujitenga na kitambaa kama chokaa juu ya ukuta uliopandwa na maji ya chini, na hakuna mafuta wala rangi ya viatu inayoweza kuurudisha. Walio na kava la namna hiyo huliona likiacha magamba meusi juu ya mkono wa gauni jeupe, asubuhi ya kikao, na wakamlaumu fundi au mchuuzi kwa jambo lililoamuliwa kiwandani.

Kulitambua si kazi ngumu. Mnunuzi asitegemee harufu, kwani harufu ya ngozi huuzwa kwa chupa. Na atazame ukingo uliokatwa, mahali mshono haukuufunika, hasa ndani ya kifuko cha kalamu au kwenye tundu la kamera: akiona nyuzi zilizochanganyika tangu juu hadi chini, hiyo ni ngozi, na akiona utando mwembamba unaong'aa juu ya kitambaa kilichofumwa, anajua amekamata nini. Ukingo uliopakwa rangi pande zote, pasiachwe hata nukta ya kuchungulia, hunitia shaka.

Hata ngozi ya kweli hutafautiana kwa dawa iliyoigeuza kuwa ngozi. Sehemu kubwa ya ngozi ya dunia siku hizi hutengenezwa kwa chumvi za kromiamu, ambazo huitoa laini, nyepesi na yenye kuvumilia maji. Njia ya kale ni ya maji ya magome, nayo hutoa ngozi ngumu kidogo, inayoshika umbo, na ambayo kwa kuguswa na mikono huzidi kuiva rangi mwaka hadi mwaka. Afrika ya Mashariki si mgeni katika njia hii ya pili: magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi tangu enzi ya Wadachi, na huko Njombe kampuni ya miwati imekuwako tangu mwaka 1949, ikikamua katika magome ya miti hiyo dawa hiyo hiyo. Kwa bibi anayetaka kava la kudumu miaka kumi na anayefanya kazi bara, ningemwelekeza ngozi ya magome bila ya kusita; kwa aliye pwani ningemwambia kwamba ngozi ya kromiamu haitamtaabisha sana, lakini zote mbili huota kuvu zikifungiwa kabatini au katika mfuko wa plastiki, na tiba yake ni kitambaa kikavu, kivuli na hewa inayopita, wala si jua kali, ambalo huikausha ngozi ikapasuka.

Juu ya nguvu ya kava kuzuia kuvunjika, yako maneno mengi yenye kishindo, na lenye kishindo kuliko yote ni lile la kiwango cha kijeshi, MIL-STD-810. Jaribio la kuangusha katika kiwango hicho cha Marekani ni kukiachia chombo mara 26, kwa kona zake, kingo zake na nyuso zake, kutoka urefu wa sentimita 122, juu ya ubao wa unene wa inchi mbili uliolazwa juu ya saruji, na mjaribu anaruhusiwa kuyagawa maangusho hayo kwa vyombo hata vitano. Fauka ya hayo, hakuna afisi ya jeshi inayotoa hati kwa makava ya madukani, bali kila mtengenezaji hujaribu mwenyewe au humlipa mwingine amjaribie. Sakafu ya vigae ya benki si ubao. Kinachosaidia kwa hakika ni mambo mawili ya kuonekana kwa macho: kingo zinazopanda juu ya uso wa kioo, walau kwa unene wa shilingi, na kona zilizoachiwa nafasi ya hewa ili zibonyee kabla ya chombo.

Kibodi ya kuunganishwa na kava ina wapenzi wengi, nami si miongoni mwao. Ile ya Apple iliyotoka mwaka 2020 kwa kishikwambi cha inchi 11 ilikuwa na uzito wa karibu gramu 600, na kishikwambi chenyewe kilikuwa na gramu 471, kwa hiyo aliyeacha kipakatalishi nyumbani kwa kukimbia uzito alijitwisha tena kilo nzima begani bila ya kufahamu. Anayeandika hukumu au taarifa ndefu kila siku ana udhuru. Mwingine na achukue jalada jembamba ndani ya pochi yenye sponji, na kibodi ndogo ikae afisini.

Waya na chaja hazihitaji maneno mengi. Tangu Desemba 28, 2024 Umoja wa Ulaya umelazimisha tundu la USB-C katika simu na vishikwambi vinavyouzwa kwao, na fujo ya vichwa vya waya imepungua hata kwetu. Lakini waya mbili zinazofanana sura zaweza kutofautiana kabisa, moja ikipitisha wati 60 na nyingine 240, basi na isomwe karatasi yake. Pawabanki ya miliampea-saa 20,000, yenye betri ya volti 3.7, ina wati-saa 74, na kwa kuwa mashirika ya ndege huruhusu hadi wati-saa 100 bila ya kuomba idhini, inasafirika, ilmuradi iwe katika mkoba wa mkononi wala si katika sanduku linalopelekwa tumboni mwa ndege.

Imebaki pochi ya kushonewa, ambayo naipenda kuliko zote, kwa sababu fundi cherehani wa mtaani aweza kuitoa kwa kitenge, kikoi au nailoni nzito kwa bei iliyo chini sana ya ile ya dukani, na haitafanana na ya mtu mwingine mezani. Ila fundi huyo aghalabu hushona mikoba wala si makao ya vioo, basi aelezwe. Apelekewe kishikwambi chenyewe kikiwa ndani ya jalada lake, wala si vipimo vya karatasini, aongeze nusu inchi kila upande kwa ajili ya sponji, na sponji hiyo iwe ya kubana, ile ya rangi ya kijivu inayouzwa kwa mita, si ya godoro. Chini ya meno ya zipu ashone ulimi wa kitambaa usiopungua upana wa vidole viwili, kwani zipu isiyo na ulimi hukwaruza kila inapofungwa. Na bitana, ambayo mafundi hupenda iwe nyeusi ili isionyeshe uchafu, iwe nyeupe ya maziwa au rangi ya mchanga: ndani ya bitana nyeusi chaja nyeusi na waya mweusi havionekani, na mwenye pochi hutumia dakika nzima akipapasa mbele ya mteja.