Pumzi ya Askari Huanzia Puani

Soko la Owino mjini Kampala, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, lilifunguliwa mwaka 1971 karibu na uwanja wa Nakivubo. Marobota ya mitumba hufunguliwa humo kila siku, na vumbi la nguo zilizofungwa kwa muda mrefu huenea vichochoroni. Mchuuzi anayepiga chafya tangu alfajiri, na polisi apitaye hapo kwa doria huku pua ikimtiririka, wote husema kwamba ni mafua tu.

Hapana budi kutofautisha. Mafua ya kuambukiza hupona baada ya siku chache. Yale yanayorudi kila vumbi linapotimka ni mafua ya mzio, yaani mwili hupigana na kitu kisicho adui. Aidha, pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Ndiyo maana mwaka 2001 wataalamu walioshirikiana na Shirika la Afya Duniani walishauri kwamba mwenye mafua ya mzio ya kudumu achunguzwe pia kama ana pumu.

Uchunguzi huo hauna maumivu. Pua hubanwa, mtu huvuta hewa hadi mapafu yajae, kisha huipuliza kwa nguvu zake zote ndani ya mrija wa chombo kiitwacho spirometa. Chombo huonyesha hewa yote iliyotoka, na kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza. Kiasi hicho kikiwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote, ni ishara kwamba mirija imebana. Hapo hupewa dawa ya kupanua mirija, na baada ya dakika 15 hupimwa tena. Pumzi ikiongezeka sana, pumu hushukiwa.

Kipimo hiki si kigeni kwa watu wa silaha. John Hutchinson, aliyekitangaza mjini London mwaka 1846, alipima zaidi ya watu 2,000, wakiwamo askari wa jeshi, polisi na wazima moto.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba pumu huja na kuondoka. Majibu mazuri ya siku moja hayatoshi ikiwa kifua hubana usiku au baada ya mbio. Yafaa kurudi kupimwa dalili zinapotokea. Vilevile, baadhi ya vidonge vya zamani vya mzio huleta usingizi, na mwenye zamu ya lindo hana budi kumweleza daktari kazi yake.

Askari afichaye maradhi kwa kuogopa kuitwa dhaifu hujidhulumu na huwadhulumu wenzake. Owino iliungua mwaka 2009 na tena mwaka 2011, na mahali penye moshi mwingi si mahali pa mtu kugundua kwa mara ya kwanza kwamba ana pumu. Pumu iliyogunduliwa mapema hutibika kiasi cha kumwezesha mtu kufanya kazi yake. Dalili ya mvua ni mawingu. Chafya isiyokoma nayo isipuuzwe.