Karabai na Taa za Betri Katika Uvuvi wa Dagaa

Usiku usio na mwezi, mtu asimamaye ufukoni Ujiji huona juu ya Ziwa Tanganyika safu ndefu ya taa, mithili ya mji uliojengwa majini. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Mwanga huwakusanya dagaa pamoja na viumbe wadogo mno ambao ndio chakula chao. Kisha wavu hunyanyuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza mvuto wake, na wavuvi wengi hupumzika.

Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Pampu husukuma mafuta ya taa, nayo hugeuka mvuke na kuwaka ndani ya kifuko chembamba cha uzi. Kero zake zafahamika: kifuko kikishaungua hubaki majivu yanayovunjika kwa mtikisiko wa wimbi, kioo chenye moto hupasuka kikirushiwa maji, na sehemu kubwa ya nishati ya mafuta hupotea kuwa joto. Lakini mvuvi huyajua maradhi ya karabai. Tundu likiziba, hulizibua kwa sindano. Kifuko kikivunjika, hufunga kingine, naye yungali mtumbwini.

Katika miaka ya 2010 taa za LED zitumiazo betri zilienea ziwani. Hazihitaji mafuta wala kifuko, na upepo hauzizimi. Hata hivyo malalamiko hayakukoma: taa yaanza vyema jioni, yafifia kabla ya alfajiri, na baada ya miezi michache betri haishiki moto.

Sababu yake ni hii. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa nukta chache ili kuwasha injini, si kutumika usiku kucha. Ikimalizwa kabisa mara kwa mara na kukaa bila chaji, salfeti ya risasi huganda juu ya mabamba yake, na uwezo wake hupungua.

Na tufanye hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Taa moja ya wati 10 ikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 100, yaani chini ya nusu. Betri haidhuriki sana. Taa mbili hutumia 200, na betri hukaribia kwisha kila usiku. Kwa taa mbili yafaa betri ya ampea-saa 40, nayo ichajiwe mara ifikapo mwaloni.

Basi mvuvi aliyesita kuiacha karabai hakuwa adui wa maendeleo. Taa ikizimika katikati ya ziwa, hupotea mafuta ya injini, jasho la wenzake na kitoweo cha siku. Yeye hupendelea chombo awezacho kukitengeneza gizani kwa mikono yake. Watengenezaji wa taa hawana budi kulizingatia hilo: waandike bayana uwezo wa betri, wazuie maji yasipenye, na waunde taa inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida.