VITU VYA KALE MAJUMBANI MWETU: TUVITAMBUE KABLA HATUJAVIUZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

  

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, mada yetu ya mwaka huu imetokana na bakuli. Mwanafunzi wetu mmoja wa hapa Kitete alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa amelifunga bakuli kwenye kanga. Akasema, "Shikamoo ustadhi. Bibi anauliza, hili ni la Kichina kweli? Kuna mtu analitaka."

Tulipouliza zaidi tukaambiwa kuwa wanunuzi walikuwa wawili. Wa kwanza alimwambia bibi kuwa bakuli si kitu, akataka kumpa fedha ya kununulia kilo mbili za sukari. Wa pili alisema ni la China, lina miaka mia tano, na akaahidi mamilioni, ila bibi atangulize kwanza fedha ya "kibali". Alhamdulillah, bibi hakuuza na hakutoa kitu.

Tuliligeuza bakuli lile mbele ya darasa zima. Chini yake palikuwa na mhuri wa kiwanda uliofifia, na neno moja lilisomeka: Maastricht. Huo ni mji wa Uholanzi ambao viwanda vyake vilitengeneza mabakuli kwa wingi katika karne ya 19 na kuyauza nchi za mbali, ikiwemo Afrika Mashariki. Kwa hiyo wanunuzi wote wawili hawakusema kweli. Bakuli halikuwa la China, wala halikuwa kitu cha kudharauliwa. Tukaona ni vyema tuyaandike hapa tuliyojifunza, kwani nyumba yenye kitu cha namna hii haiwezi kuwa moja tu.

1. VILIFIKAJE TABORA?

Mji wetu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliishi Kazeh na Kwihara, na Wanyamwezi walisifika kwa kazi ya upagazi. Kutoka pwani zilikuja nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba na vyombo vya nyumbani. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu, na pia walishushwa binadamu waliofanywa watumwa. Historia hiyo inauma, lakini tusiifiche.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh mwanzoni mwa Novemba, yaani zaidi ya miezi 4 njiani. Pagazi alibeba mzigo wa takriban kilo 30 kichwani au begani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 tu. Basi kila chombo cha kuvunjika kilichoingia mjini kabla ya hapo kilibebwa na mtu, kwa miguu, mwendo wa mamia ya kilometa. Anayekishika leo na akumbuke jasho hilo.

2. KAURI YA CHINA HUTAMBULIKAJE?

Kauri ya China ilifika pwani yetu karne nyingi kabla ya misafara ya Tabora. Vigae vyake vimechimbuliwa Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, na pia Gede nchini Kenya. Huko Lamu matajiri waliipanga katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, sahani zilijengewa kwenye nguzo zenyewe. Katika makaburi ya zamani ya pwani mara nyingi utaona matundu ya duara matupu: wapo waliozibandua sahani wakaondoka nazo.

Kwa kuanzia, angalieni mambo haya:

(a) Kauri halisi ni ngumu na nyeupe hadi ndani. Ikiwa nyembamba, mwanga hupenya ukiielekeza kwenye taa, na ukiigonga kwa ukucha hulia kama kengele. Chombo cha udongo wa kawaida hulia kwa sauti nzito, na palipomeguka huonekana udongo wenye vitundu.

(b) Za kijani ya majani mabichi nyingi zilitoka Longquan, na za buluu na nyeupe zilitoka Jingdezhen. Katika karne ya 14 mafundi wa Jingdezhen walitumia rangi ya kobalti iliyoletwa kutoka Uajemi, na Waislamu walikuwa miongoni mwa wateja wao wakubwa.

(c) Soma chini ya chombo. Tangu mwaka 1891 sheria ya forodha ya Marekani ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo chombo kilichoandikwa "China" kwa herufi za Kilatini kwa kawaida ni cha baada ya mwaka huo.

(d) Jina la mfalme wa China lililoandikwa chini si uthibitisho. Mafundi wa baadaye waliyaiga majina ya wafalme wa zamani.

Alama hizi hazimfanyi mtu kuwa mtaalamu. Zinamsaidia asidanganywe mchana kweupe.

3. MILANGO YA NAKSHI

Ufundi wa milango ya kuchonga ni wa pwani, na Zanzibar ndiyo inayosifika zaidi. Mlango una miimo miwili, kizingiti, mbao mbili na katikati yake mfaa unaofunika maungio. Juu huchongwa maua, na mingine ina aya za Qur'ani. Njumu za shaba na umbo la upinde ni athari za Wahindi. Misafara iliufikisha ufundi huo mpaka kwetu. Nendeni Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho, mkauone mlango wake.

4. SHERIA NA DINI ZINASEMAJE?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali cha serikali ni kosa. Kibali hicho hakipatikani mfukoni mwa mnunuzi anayepita mitaani.

Kwa upande wa dini, tukumbushane mambo matatu. Kwanza, mlango, mimbari au taa ya msikiti iliyowekwa wakfu si mali ya imamu wala ya kamati, na asili ya wakfu ni kwamba hauuzwi. Pili, kitu alichokiacha marehemu ni cha warithi wote, wake kwa waume. Kaka akiuza peke yake sanduku la babu amekula haki ya dada zake. Tatu, muuzaji anayeficha kasoro na mnunuzi anayemlaghai mzee wote wamo katika udanganyifu ambao Mtume (S.A.W.) ameukemea. Ama kuhusu vyombo vya kulia, makatazo yamekuja kwa dhahabu na fedha. Kauri na udongo havimo.

Hatusemi kuwa kuuza mali yako ni haramu. Mzee mwenye shida ana haki ya kuuza kilicho chake. Tunalosema ni kwamba ajue kwanza anauza nini, kisha apate bei ya haki bila kuvunja sheria.

Wanafunzi, kazi yenu wakati wa likizo ni hii: muulizeni bibi au babu juu ya kitu kimoja cha zamani nyumbani. Kilitoka wapi? Kililetwa na nani? Andikeni majibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Msikisugue kwa mchanga wala kukipaka rangi.

Na lile bakuli? Mwanafunzi alilirudisha nyumbani, akamsomea bibi yake jina lile la chini. Bibi akamweleza kuwa mama yake alilipata siku ya harusi yake, na kwamba kila mwezi wa Ramadhani lilitumika kutilia uji wa futari. Jambo hilo mjukuu hakuwa amelisikia kabla, na sasa limo kwenye daftari lake. Ramadhani iliyopita bakuli lilitumika tena.

Allah atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Wabillahi tawfiiq.